Mchele Uliotembea

Liberatus Luvanda alikuwa bwana afya kwa miaka thelathini na moja, na kati ya Idodi na Mafinga ni vyoo vichache sana ambavyo hakuvichungulia. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Kihesa, na kwa kuwa hakuwa tena na kijiji cha kukagua, akaanza kuikagua nyumba yake.

Nyumba hiyo ilikuwa na watu wawili tu. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sitini na sita, na mkewe Matilda alikuwa amefariki. Wa pili alikuwa Bertha, dada yake, mjane aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Bertha alitoka Mafinga kuja kumsaidia kwa wiki mbili baada ya msiba wa Matilda, na wiki hizo mbili sasa zilikuwa zimeingia mwaka wa nne.

Sheria za nyumba zilijulikana. Nje ya choo kulining'inia kibuyu chirizi, kidumu cha maji chenye kamba ya kukanyagia, na kando yake kipande cha sabuni ndani ya soksi kuukuu. Ndala za chooni hazikuingia ndani, na ndala za ndani hazikutoka nje. Maji ya kunywa yalichemshwa huku saa ikitazamwa. Kila Januari na Julai Liberatus alimpa dada yake kidonge cha minyoo, kisha akasimama mbele yake.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Bertha aliwahi kupikia watu mia nne msibani bila hata mmoja kushika tumbo. Alifungua mdomo, akainua ulimi.

Aliyekuwa nje ya ratiba ni paka peke yake. Matilda ndiye aliyemleta, akiwa mdogo wa kukaa kwenye kikombe, na Liberatus akampa jina la Mkaguzi kwa sababu hakuna jiko la jirani ambalo hakuliingia. Mkaguzi alikamata panya kwenye ghala la mahindi la jirani. Kwa muuza nyama alipewa vipande vya utumbo mbichi. Mchana alijilamba na kujikuna, na usiku alilala kwenye kiti cha Liberatus, juu ya kitambaa cha rangi ya samawati ambacho Matilda alikifuma kwa mkono. Katika miaka sita hakuwahi kupewa kidonge chochote. Liberatus alimhesabu kama mfanyakazi, na wafanyakazi, kwa mawazo yake, walikuwa na utaratibu wao.

Asubuhi ya Jumatatu ya kwanza ya Juni, Liberatus alikuta punje nne za mchele kwenye kitambaa cha samawati.

"Dada," akaita, "nani amekalia kiti changu?"

"Paka," Bertha alijibu kutoka jikoni.

"Nauliza mtu."

"Basi hakuna."

"Na huu mchele umefikaje hapa?"

Bertha alikuja akifuta mikono, akainama. Miwani alikuwa ameiacha jikoni. "Mchele gani mfupi hivyo? Hizo chenga. Mimi chenga sinunui, Libe, unanijua."

"Sijasema umenunua. Nimeuliza umefikaje."

Punje hizo alizitia kwenye boksi la kiberiti. Kisha akaenda chumbani, akaivuta ndoo ya mchele wa Idodi iliyokaa chini ya kitanda, akafungua mfuniko. Ndani ya ndoo alikuwa ameweka alama ya kalamu pale mchele ulipoishia. Mchele ulikuwa umeishia hapo hapo kwenye alama. Mtu mwingine angeishia hapo na yeye. Lakini Liberatus alikuwa amekagua kwa miaka mingi mno kiasi cha kutoridhika na ushahidi kwamba hakuna kosa. Alifunga ndoo akijiambia kwamba mwizi mjanja ni yule asiyepunguza.

Jumanne punje zilikuwa tatu. Jumatano zilikuwa sita, nazo zimekauka na kuwa na manjano kidogo. Liberatus aliketi mbele ya boksi la kiberiti akaunganisha mambo. Kumbe hapakuwa na wizi wa kupika. Hapo alikuwapo mtu anayekaa kwenye kiti chake na kutafuna mchele mbichi. Na kutafuna mchele mbichi hakukuwa jambo dogo kwa mtu wa afya. Vijijini alikuwa amewaona wanawake wakitafuna mchele na udongo kwa sababu damu imepungua, na mara nyingi damu hiyo ilikuwa imenyonywa na safura, vile vijinyoo vinavyoingia kwa ngozi ya mtu anayekanyaga uchafu bila viatu. Alipomkumbuka Bertha, dalili zote zilijipanga zenyewe. Bertha alisinzia mchana. Ni kweli kwamba aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alihema akipanda kutoka sokoni. Ni kweli kwamba alikuwa na miaka sitini na tisa na mzigo kichwani. Na mara moja, mwezi wa tatu, Liberatus alimwona kwa macho yake akienda chooni na ndala za ndani.

Jumatano hiyo hiyo jioni, ilikuwa zamu ya jumuiya yetu ndogo ya kanisa kusali nyumbani kwao. Tulikuwa watu kumi na saba. Baada ya sala, Evarista, mwenyekiti wetu, alisimama kutangaza wapishi wa sikukuu ya somo wa kigango, mtakatifu msimamizi wa kanisa letu dogo, itakayofanyika Jumapili ya wiki inayofuata.

"Mwaka huu," alisema, "masufuria tunamkabidhi mama yetu Bertha."

Wanawake walipiga vigelegele. Bertha aliinamisha kichwa, lakini sote tuliuona uso wake. Kule Mafinga masufuria yalikuwa yake kwa miaka ishirini. Hapa Kihesa, kwa kuwa ni mgeni, kwa sikukuu tatu alikuwa amepewa kumenya vitunguu, na alivimenya bila neno. Miaka yote hiyo alikuwa akiusubiri mwiko.

Ndipo Liberatus alipokohoa.

"Mwenyekiti, ninaomba kutoa tahadhari ya kitaalamu."

"Karibu, Bwana Afya."

"Mimi nikinyamaza nitakuwa nimekosea watu wengi. Dada yangu huyu, ninayempenda, anatafuna mchele mbichi. Ushahidi ninao." Akaonyesha boksi la kiberiti lililokuwa juu ya kabati. "Hiyo ni dalili ya safura. Nashauri asishike chakula cha umma mpaka apimwe."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Kikombe cha chai kilichokuwa njiani kwenda mdomoni mwa Devota, jirani wa nyumba ya pili, kilirudi taratibu mezani. Chai ile alikuwa ameichemsha Bertha. Wengine nao wakavitazama vikombe vyao.

"Basi," Evarista alisema, "tusubiri vipimo. Kwa sasa Devota atashikilia."

Watu walipoondoka, Bertha alikusanya vikombe. Karibu vyote vilikuwa vimejaa.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Libe."

"Nimekukinga, dada. Minyoo si aibu, ni ugonjwa."

"Nitapimwa. Na nikionekana sina, utasema mbele ya wale wale, kwa mdomo huo huo."

"Bila shaka. Mimi ni mtu wa ushahidi."

Alhamisi Bertha alikwenda zahanati na kikopo chake ndani ya mfuko. Majibu yalisema hana kitu. Liberatus aliisoma karatasi mbele na nyuma.

"Kipimo cha siku moja hakitoshi," alisema. "Mayai ya minyoo hayatoki kila siku. Inatakiwa siku tatu."

Bahati mbaya, hilo lilikuwa kweli. Ijumaa Bertha akapita tena mbele ya nyumba za Kihesa na mfuko wake, na Jumatatu akapita tena, na kila aliyemsalimia "Kamwene, mama" aliutazama mfuko kabla ya kumtazama yeye. Karatasi ya pili haikuonyesha kitu, wala ya tatu. Liberatus alizipanga zote tatu mezani, akasema kwamba hadubini nyingine huchakaa. Wakati huo boksi la kiberiti lilikuwa na punje thelathini na mbili.

Jumanne mchana Evarista alikuja kuyasikia majibu. Alikuwa ametoka mazoezi ya kwaya, amevaa sketi nyeusi ya sare. Kwa heshima alipewa kiti cha Liberatus. Mkaguzi, ambaye hakuona sababu ya kuhama, alimpanda mapajani, akajizungusha mara mbili, akainua mkia, akalala. Kisha akabadili mawazo, akaruka chini.

Evarista alitazama sketi yake. Akaendelea kuitazama.

"Bwana Afya," alisema taratibu, "mchele wako unatembea."

"Unasemaje?"

"Njoo uone. Huu hapa. Unakwenda kwenye goti."

Liberatus alivaa miwani, akainama. Juu ya kitambaa cheusi, punje moja nyeupe, mbichi, ilijivuta ikawa ndefu, ikajikunja ikawa fupi, ikasogea. Aliitambua papo hapo. Alikuwa ameichora kwa chaki kwenye mbao za shule za msingi kumi na saba: kipande cha tegu, yule mnyoo mrefu kama utepe, kinachokatika na kutoka kikiwa kimejaa mayai. Alikuwa amefundisha kinavyotoka kwa mtu aliyekula kitimoto, nyama ya nguruwe, isiyoiva. Kwamba paka naye ana utumbo, somo lile halikufika huko.

Bertha aliingia na sinia la chai. Alimtazama ndugu yake aliyepiga magoti mbele ya sketi ya mwenyekiti, akatazama goti, akatazama paka aliyekuwa akijilamba chini ya meza. Mara hii alikuwa na miwani.

"Kwa hiyo," alisema, "nimepeleka choo changu zahanati siku tatu kwa ajili ya paka."

Evarista alianza kucheka, akajizuia, ikashindikana. Alicheka mpaka kwenye kibuyu chirizi, na alinawa mara tatu huku akicheka. Bertha hakucheka. Aliweka sinia mezani akasema, "Kesho jumuiya iko kwa Devota. Saa kumi."

Asubuhi ya Jumatano Liberatus alimfunga Mkaguzi ndani ya kikapu, akaenda kwenye duka la dawa za mifugo la Gerson Mwakalinga. Gerson alikuwa Mnyakyusa kutoka upande wa Mbeya, bwana mifugo mstaafu, na wawili hao walikuwa wamebishana miaka mingi juu ya nani hasa mwenye haki ya kugonga muhuri kwenye nyama. Kwa sababu hiyo Liberatus aliweka kikapu chini ya kaunta kabla ya kusema.

"Kuna rafiki yangu mmoja ana paka," alianza.

Kikapu kikalia nyau.

"Rafiki yako anakusalimia," Gerson alisema. "Mtoe."

Gerson alifungua boksi la kiberiti, akatikisa kidogo, akalifunga. "Tegu. Amekuwa nao muda mrefu. Ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Umempa dawa lini mara ya mwisho?"

Liberatus alisoma maandishi ya mfuko wa chumvi ya ng'ombe ukutani.

"Hujawahi," Gerson alisema. "Na wewe mwenyewe unameza lini?"

"Mara mbili kwa mwaka. Bila kukosa."

"Kwa hiyo anayekula panya ni paka, na anayemeza dawa ni wewe. Ndaga, asante sana, Bwana Afya. Utaratibu mzuri."

Alimpitishia paka vidole shingoni, akafunua manyoya. Vitu vyeusi vidogo vilikimbia. "Viroboto hawa. Tegu wa aina hii hampati kwa kula mchele. Mtoto wa tegu anakaa ndani ya kiroboto. Paka akijilamba anammeza kiroboto, basi tegu ameingia nyumbani. Kuna na aina nyingine inakaa kwa panya. Huyu wako amepita njia zote mbili."

"Nilifikiri nimpe nusu ya kidonge changu."

"Usithubutu. Cha mtu ni cha mtu. Paka anapewa dawa ya paka, kwa uzito wake. Na wewe ni mtu wa kusoma, kwa hiyo nakuambia mapema: usije ukamwosha na dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kumaliza viroboto. Utamuua. Kuna dawa ya paka ya kudondoshea shingoni, hii hapa."

Liberatus alitoa daftari. Gerson, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwona akiandika alichosema yeye, aliongea polepole ili afaidi.

"Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, maana anawinda. Angekuwa haendi nje ungeweza kupunguza. Mtoto wa paka huanzishiwa mapema, wiki chache tu baada ya kuzaliwa, kwa sababu kuna minyoo mingine ya mviringo inayopita kwenye maziwa ya mama. Utumbo wa buchani uchemshe kwanza, au acha kabisa. Kitambaa anacholalia kifue kwa maji ya moto, ukianike juani, na chini ya mito ya kiti ufagie vizuri, mayai ya viroboto yapo humo. Ukimpa dawa leo ukawaacha viroboto, baada ya mwezi utaniletea kiberiti kingine."

"Na kinyesi?"

"Kinyesi hicho ni cha idara yako. Anajisaidia wapi?"

Liberatus alifikiri. Alijua choo cha kila kaya kutoka Kihesa hadi mpakani mwa hifadhi ya wanyama. "Nadhani kwenye bustani ya mchicha," alisema.

Gerson alingoja kalamu iandike *mchicha*. "Mtengenezee sanduku la mchanga. Ondoa kila siku, ukazike mbali, kwa sababu mayai ya ile minyoo ya mviringo yakikaa siku kadhaa kwenye udongo ndipo yanapokuwa tayari kumwingia mwingine, hata mtoto wa mtu. Mboga uioshe, mikono unawe. Hayo mengine wewe ndiye ulitufundisha."

Ili kujua uzito, Liberatus alipanda kwenye mzani akiwa amemkumbatia paka, kisha akapanda bila paka. Kilo sitini na nane na nusu, na kilo sitini na tano. Wateja wawili waliokuja kununua dawa ya kuku walisubiri kwa adabu kubwa.

Kumeza ilikuwa kazi nyingine. Nyumbani, Liberatus alijaribu peke yake mara mbili, akapoteza damu kidogo na kidonge kimoja kikaingia chini ya kabati. Mwishowe Bertha alitoka jikoni bila kuitwa. Alimvingirisha Mkaguzi kwenye kitenge kama mtoto mchanga mpaka kikabaki kichwa, akambana kwapani, akambinya pembeni mwa taya.

"Fungua mdomo," akamwambia paka. Akatumbukiza kidonge nyuma kabisa ya ulimi, akaufunga mdomo, akampapasa koo mpaka akameza. "Haya. Inua ulimi."

Hayo ndiyo maneno pekee aliyoyasema siku hiyo mpaka saa kumi.

Kwa Devota tulikuwa watu ishirini na wawili. Evarista alikuwa amejitahidi kutomwambia mtu yeyote, na matokeo yake ndiyo hayo. Baada ya sala Liberatus alisimama, mikono ikiwa na mikwaruzo mpaka kwenye viwiko, na karatasi mkononi.

"Ndugu zangu, kufuatia tahadhari iliyotolewa wiki iliyopita, imebainika kuwa kulijitokeza changamoto katika utambuzi wa sampuli..."

Bertha alikohoa.

"...ambapo sampuli iliyodhaniwa kuwa nafaka, baada ya uchunguzi wa kina..."

"Ilidhaniwa na nani?" Bertha aliuliza. Hakuinua sauti.

Liberatus alitazama karatasi. Ilikuwa na aya nne, zote za namna hiyo. Aliikunja.

"Na mimi," alisema. "Dada yangu hana minyoo. Amepimwa mara tatu, na hata mara moja haikuhitajika. Mwenye minyoo ni paka wangu. Nimemlaza kwenye kiti changu miaka sita bila kumpa dawa, na nilipouona uchafu wake nikasema ni wa dada yangu, mbele yenu. Nilimsingizia. Dada, naomba unisamehe."

Devota ndiye aliyesema kwanza. "Mimi masufuria yale nilipewa tu. Mgongo wangu wenyewe mnaujua. Mwenyewe ayachukue."

"Mama Bertha," Evarista alisema, "unayapokea?"

Bertha alisimama. Ni mwanamke mfupi, lakini siku hiyo alichukua muda kumaliza kusimama.

"Nayapokea. Lakini kwa kuwa wiki iliyopita mlikuwa na hofu sana ya minyoo mpaka chai yangu mkaiacha, na mimi nina swali. Nani hapa ana paka nyumbani?"

Mikono ilipanda kwa furaha. Kumi na mmoja.

"Aliyewahi kumpa paka wake dawa ya minyoo, abaki ameinua."

Mikono ikashuka. Devota aliushusha wake wa mwisho, polepole, akijifanya anapanga kilemba.

"Basi," Bertha alisema. "Mwenye paka ambaye hajapewa dawa asikanyage jikoni kwangu Jumapili. Hata kumenya vitunguu."

Liberatus alijua kwamba katazo hilo halikuwa na msingi wa kitaalamu. Tegu wa paka haingii kwenye pilau kwa sababu mpishi ana paka nyumbani, na mikono iliyonawa kwa sabuni ingetosha kabisa. Alifungua mdomo kutoa ufafanuzi. Bertha akamgeukia. Akaufunga.

Jumamosi saa tatu asubuhi, mbele ya duka la Gerson, kulikuwa na foleni ya vikapu, matenga na mfuko mmoja wa shule, vyote vikilia. Saa tano dawa ya paka ilikuwa imekwisha na Gerson akaagiza nyingine kutoka Mbeya. Jumapili Bertha alisimama kwenye masufuria ya kigango akiwa na mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na wasaidizi tisa wakimsikiliza. Wawili kati yao, Devota akiwa mmoja, hawakuruhusiwa kugusa chakula; walipewa kazi ya kuni, kwa sababu mikono yao ilikuwa na mikwaruzo mibichi.